Nimelipa kodi hadi Agosti, lakini dalali anaingiza watu chumbani kwangu

Mheshimiwa mshauri,

Shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Arusha, nina umri wa miaka 34, nimeolewa na tuna binti mmoja wa miaka tisa. Mume wangu ni dereva wa watalii, na msimu unapochanganya kuanzia Juni anaweza kukaa Serengeti na Ngorongoro siku saba hadi kumi, akarudi kulala nyumbani usiku mmoja, kisha akaondoka tena. Tumepanga Sakina, nyumba ya vyumba viwili, sebule na jiko, ndani ya uzio mmoja wenye nyumba tatu, na huu ni mwaka wetu wa tatu hapo. Kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi, nasi hulipa kwa miezi sita. Mara ya mwisho tulilipa shilingi 1,500,000 zinazotufikisha tarehe 31 Agosti, na risiti ninayo.

Mwanzoni mwa Juni mama mwenye nyumba aliniita, akaniambia kwa upole kwamba muda huo ukiisha hatatuongezea mkataba. Alisema watu wengi watakuja Arusha kwa ajili ya mashindano ya AFCON ya mwaka 2027, kwa hiyo anataka mpangaji atakayelipa zaidi, tena kwa mwaka mzima, au mnunuzi ikiwa atapatikana. Sikumpinga, kwa sababu nyumba ni yake na sisi tutatafuta pengine. Kilichonifanya nikuandikie ni yaliyofuata.

Siku moja nilitoka zamu ya usiku, nikalala saa tatu asubuhi. Kwenye saa tano nikasikia sauti za watu sebuleni, na kabla sijakaa sawa mlango wa chumba ukafunguliwa. Alikuwa dalali, na nyuma yake mwanamume nisiyemjua, ambaye alinitazama nikiwa kitandani, akainua macho juu, akasema, "Dari bado zima." Dada wa kazi aliwafungulia kwa sababu mama mwenye nyumba alikuwa nao. Wiki iliyofuata waliingia wakati hatupo, kwa ufunguo wa akiba ambao mama alibaki nao, na niliporudi nikakuta alama ya soli ya kiatu, ya vumbi, katikati ya mswala wangu uliokuwa umetandikwa kando ya kitanda. Sikuibiwa kitu, lakini nilikaa sakafuni nikalia. Baadaye mwenzangu kazini akanionyesha picha za nyumba yetu ambazo dalali ameziweka WhatsApp, na katika picha ya sebule binti yangu anaonekana wazi ndani ya fremu ukutani, akiwa na sare yenye nembo ya shule yake.

Nilipomweleza mama mwenye nyumba alinijibu, "Mwanangu, nyumba ni yangu, na kwenye mkataba tuliandika naweza kuikagua wakati wowote." Ni kweli sentensi hiyo imo kwenye karatasi tuliyosaini. Dalali naye alisema kila mteja humlipa shilingi 10,000 ya kuonyeshwa nyumba, kwa hiyo hawezi kumrudisha mtu aliyekwisha kufika getini.

Je, nina haki ya kuwazuia? Wanaruhusiwa kuingia nisipokuwepo? Nifanye nini kuhusu picha? Na nikisimama imara, anaweza kututoa kabla ya Agosti? Sipendi kugombana naye, maana mwaka jana nilipolazwa ni yeye aliyekuwa akimpeleka mwanangu shule.

Mpangaji, Sakina, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umemwandika kwa staha mtu aliyekukosea, na staha hiyo itakufaa katika hatua nitakazokueleza. Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo napenda ulishike kabla ya mengine yote, nalo ni kwamba hadi tarehe 31 Agosti hapo ni kwako.

Mama mwenye nyumba anaposema nyumba ni yake hasemi uongo, ila anasahau alichokukabidhi siku alipopokea shilingi 1,500,000. Alibaki na umiliki, akakupa wewe matumizi ya nyumba nzima kwa miezi sita, pamoja na mlango wake na kitanda ulichokiweka ndani yake. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, katika kifungu chake cha 88 kama kilivyotungwa, inaweka ndani ya kila mkataba wa pango ahadi ambayo mwenye nyumba anahesabiwa kuwa ameitoa hata kama haikuandikwa: kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti atakaa kwa amani na utulivu muda wote wa mkataba, bila kubughudhiwa na mwenye nyumba wala na mtu anayedai haki kupitia kwake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano nayo, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake, wala haikusema maskani aliyoijenga kwa mkono wake. Niwaambie na wasomaji wengine wanaopanga bila karatasi yoyote, ambao najua ni wengi, kwamba pango la mwaka mmoja au pungufu linatambuliwa na sheria hata likiwa la mdomo. Lakini tunzeni risiti, kwa kuwa ndiyo itakayosema siku mtakapoulizwa.

Sasa tuitazame ile sentensi ya mkataba. Umesaini kwamba anaweza kukagua wakati wowote, na sitaki kukudanganya kwamba sentensi hiyo haina uzito. Lakini kukagua ni nini? Ni mwenye nyumba, au fundi wake, kuja kuangalia kama bati linavuja, kama ukuta umepata ufa, kama bomba la jikoni limeziba. Sheria inamruhusu kuja kwa kazi hiyo, kwa wakati unaofaa. Kumleta mtu wa tatu, ambaye huna mkataba naye na ambaye nia yake ni kuamua kama atahamia au atanunua, ni kuonyesha nyumba, na neno hilo halimo kwenye karatasi yenu. Hata hayo maneno "wakati wowote" sioni namna yanavyoweza kusomwa yakamaanisha saa tano asubuhi juu ya muuguzi aliyelala baada ya zamu ya usiku, kwa sababu yanasomwa pamoja na ile ahadi ya amani na utulivu, na hakuna utulivu katika chumba ambacho mlango wake hufunguliwa na yeyote.

Pamoja na hayo, sikushauri umfungie mlango kabisa. Mama huyu ana haja ya halali. Nyumba ikikaa tupu Septemba na Oktoba, hasara ni yake, na mtu wa kulipa kodi ya mwaka mzima hawezi kuitoa bila kuona choo na jiko. Ukikataa kila ombi, utampa sababu ya kusema mbele ya wazee wa mtaa kwamba wewe ndiye mkaidi, na haki yako itafifia kwa jambo dogo. Unachopaswa kukitaka, na kukitaka bila kuyumba, ni kwamba nyumba ionyeshwe kwa taarifa, kwa saa mlizokubaliana, na wewe au mtu uliyemteua akiwepo.

Sheria yetu inazungumza habari ya wakati unaofaa bila kuhesabu saa, kwa hiyo saa hizo ni lazima mzihesabu ninyi wenyewe. Kwa ratiba kama yako, ningependekeza taarifa ya siku moja kamili kabla, na vipindi viwili tu kwa wiki, tuseme Jumatano saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa nne asubuhi hadi saa sita mchana, ukibadilisha siku zamu zinapobadilika. Wateja wote wa wiki hiyo wakusanywe katika vipindi hivyo. Waingie mmoja mmoja au wawili wawili, wavue viatu mlangoni kama mnavyovua ninyi, na majina yao na namba zao za simu ziandikwe kwenye daftari kabla hawajapita sebuleni. Usilionee haya daftari hilo. Mgeni anayepita nyumba nzima anaondoka akijua dirisha gani halina nondo na mlango gani una kitasa dhaifu, na akimuuliza dada wa kazi maswali mawili matatu atajua pia kwamba baba wa nyumba hayupo wiki nzima.

Kuhusu dalali, umetaja shilingi 10,000 ya kuonyeshwa kana kwamba ni jambo la pembeni, na mimi naona ndiyo mzizi wa adha yote hii. Dalali anayesubiri kodi ya mwezi mmoja baada ya nyumba kupata mtu atachagua wateja, kwa kuwa hana faida ya kuzungusha watu wasio na uwezo. Lakini anayelipwa kwa kila kichwa kinachoingia getini anapata riziki yake hata nyumba isipopangishwa kamwe, na kadiri inavyochelewa kupata mtu ndivyo anavyovuna. Mweleze mama jambo hilo kwa utaratibu. Huenda hajui kwamba nyumba yake imegeuzwa kiingilio. Na ujue kwamba dalali hana mkataba nawe. Hawezi kuwa na mamlaka makubwa kuliko ya yule aliyemtuma, kwa hiyo akifika bila taarifa una haki ya kumwambia pale pale getini kwamba leo haiwezekani, na elfu kumi aliyoipokea ni deni lake na mteja wake.

Najua ugumu wako uko kwenye namna ya kumwambia mama mtu mzima, aliyekupelekea mtoto shule ulipokuwa umelazwa. Usimwambie mbele ya dalali, na usimwambie ukiwa na hasira ya siku hiyo. Nenda kwake jioni, kaa, muulize hali, kisha mwambie hivi au kwa maneno yako yanayofanana na haya: "Mama, sikukatazi kutafuta mpangaji, na nitakusaidia wateja wakute nyumba safi. Lakini mimi nalala mchana, nina mtoto wa kike, na mume wangu yuko safari. Siku ile nilikutwa kitandani na mwanaume nisiyemjua. Naomba tupange siku, mama, na asiingie mtu nisipokuwepo." Mtu aliyelelewa kwetu anajua maana ya hodi. Unaita mara tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka, na adabu hiyo ya kutoingia bila ruhusa Waislamu wameisoma katika Sura ya An-Nur na Wakristo wa Kimeru na Kichaga wamefundishwa na bibi zao bila kusoma popote. Nilipokuwa mpangaji Majengo, Moshi, baba mwenye nyumba wetu alikuwa akisimama nje ya kizingiti cha nyumba aliyoijenga mwenyewe, kofia mkononi, akisubiri mtu amwambie karibu, na hata mvua ilipokuwa ikimnyeshea hakusogea. Simkumbuki hata siku moja mpangaji aliyemcheleweshea kodi kwa makusudi.

Baada ya mazungumzo, usiku huo huo, mtumie ujumbe wa simu wenye yale mliyokubaliana. Uwe mfupi: "Shikamoo mama. Nakushukuru kwa mazungumzo ya leo. Kama tulivyokubaliana, wateja wataletwa Jumatano saa 10 hadi 12 jioni na Jumamosi saa 4 hadi 6 mchana, kwa taarifa ya siku moja kabla, nami au mume wangu tukiwepo. Ufunguo wa akiba utatumika kwa dharura tu." Akijibu "sawa mwanangu", una maandishi. Asipokubaliana nawe, andika barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe za matukio yote mawili, uombe taratibu hizo hizo, mpe nakala moja asaini kwamba ameipokea na ubaki na nyingine.

Ufunguo wa akiba una mambo yake. Bomba likipasuka au waya ukianza kutoa moshi nawe uko wodini, utashukuru kwamba kuna mtu anayeweza kufungua, kwa hiyo sitakuambia umnyang'anye. Mlango wa chumba cha kulala, hata hivyo, unaweza kuufunga kwa kitasa chako, uhifadhi kile cha zamani ukirudishe siku ya kuhama, na umwambie mama kwamba umefanya hivyo ili isionekane umefanya kwa siri. Dada wa kazi naye apewe kauli ya kushika, kwa sababu hamtendei haki akiachwa peke yake mbele ya mwenye nyumba. Aseme tu, "Nimeambiwa nisifungue mpaka nimpigie dada," kisha akupigie.

Nije kwenye picha, ambazo kwangu ni kosa zito kuliko hata la kuingia. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, na tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayofanya kazi, pamoja na Tume inayopokea malalamiko ya aina hii. Mtoto wa miaka tisa, sura yake na nembo ya shule yake, mbele ya watu wasiojulikana idadi: hilo halisubiri mazungumzo ya jioni. Hifadhi kwanza nakala za picha hizo kama zilivyoonekana kwenye simu ya mwenzako, zikiwa na tarehe, kisha mwandikie dalali, nakala kwa mama, umtake aziondoe siku hiyo hiyo popote alipozituma. Akitaka picha nyingine, zipigwe ukiwepo, baada ya kuondoa fremu, nguo na nyaraka zote. Akikataa, peleka malalamiko kwenye Tume.

Kuhusu kutolewa, usikose usingizi. Muda uliolipia haujaisha, hujavunja sharti, na kudai taarifa kabla ya kuonyesha nyumba si uvunjaji wa mkataba. Kukukatia maji, kukubadilishia kufuli au kutoa vitu vyako nje ingekuwa kuvunja ile ile ahadi ya utulivu. Hata nyumba ikiuzwa Julai, mnunuzi anaingia kwenye viatu vya aliyemuuzia, nawe unabaki hadi tarehe yako. Wewe nawe usimjibu kwa ubaya. Usiharibu kitu, usiwaambie wateja kwamba nyumba inavuja kama haivuji.

Mambo yakishindikana, anza na mjumbe wa shina na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambao hawana mamlaka ya kimahakama lakini neno lao Sakina linasikika. Wazee wanaokumbuka mabaraza ya nyumba ya zamani wasikupoteze, kwani sheria iliyoyaweka ilifutwa mwaka 2005. Siku hizi shauri la pango hupelekwa kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Likishindwa linatoa cheti, au siku 30 zikipita bila suluhu, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msaada wa kisheria bila malipo upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017, na kwa wasomaji wa Moshi, shirika la KWIECO limekuwa likiwasaidia wanawake kwa miaka mingi. Nitakuwa mkweli kwako, hata hivyo: ukihesabu siku hizo 30 na kalenda ya Baraza la Wilaya, Agosti inaweza kuisha kabla hujasikilizwa. Kwa hiyo nguvu yako kubwa iko kwenye ule ujumbe na kwenye kikao cha serikali ya mtaa.

Iko njia nyingine ambayo ningeiweka mezani kama mama anaona vipindi viwili kwa wiki havimtoshi. Mkipata nyumba mapema, mwambie mko tayari kumwachia funguo tarehe 31 Julai akikurudishieni shilingi 250,000 za Agosti. Yeye atapata mwezi mzima wa kuonyesha nyumba tupu kwa saa zozote atakazo, na ninyi mtapata sehemu ya kodi ya kuanzia mwendako. Msikabidhi ufunguo kabla fedha haijafika mkononi, na muandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Picha za mtoto zishughulikie leo. Kwa mama nenda jioni ambayo huna zamu, na ikiwezekana iwe ile siku moja ambayo mume wako yuko nyumbani, mwende wote wawili.